Bunduki isiyoandikwa haina mwenyewe: Swali linaloisubiri Tana River

MNAMO Oktoba 2024 serikali ilitangaza sehemu za kaskazini mwa Kaunti ya Tana River kuwa maeneo ya vurugu na hatari kwa muda wa siku 30, baada ya mapigano ya kijamii kuua watu zaidi ya kumi. Pamoja na tangazo hilo ilitoka amri ambayo wakazi wa bonde la Mto Tana wameisikia mara nyingi: kila aliye na silaha kinyume cha sheria aisalimishe kwa polisi.

Amri za namna hiyo huzua mjadala ule ule. Wapo wanaouliza kama muda uliotolewa unatosha. Wapo wanaouliza kama upande wa pili nao utasalimisha. Wapo pia wanaonyamaza kwa sababu wanajua bunduki imefukiwa wapi.

Ni nadra kusikia swali ambalo mwenye duka yeyote mjini Garsen hujiuliza kila jioni kabla ya kufunga hesabu: kilichoingia kimeandikwa wapi, kilichotoka amepewa nani, na ni nani aliyetia sahihi?

Mbele ya makaburi swali hilo huonekana dogo, tena la makarani. Hata hivyo, historia ya karibuni ya delta ya Tana inaonyesha kwamba bunduki ambayo nambari yake haikuandikwa popote hurudi vijijini kwa urahisi kuliko ilivyotoka, na kwamba jamii mbili zisizoaminiana haziwezi kuamini hesabu ambayo hazikuiona ikiandikwa.

Garsen ni mahali pazuri pa kulifikiria jambo hili. Mji huo umekaa penye njia panda, ambapo barabara itokayo Malindi kuelekea Lamu hukutana na ile iendayo Hola hadi Garissa. Kutoka hapo kwenda baharini, Mto Tana, ulio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, hutawanyika na kufanya delta ambamo Wapokomo hulima kandokando ya maji na Waorma hulisha mifugo. Kiangazi kinapokaza, makundi ya ng'ombe hushuka mtoni kupitia njia ziitwazo malka, na malka hupita kando ya mashamba. Wakati mwingine hupita ndani yake.

Alfajiri ya Agosti 22, 2012 kijiji cha Riketa kilivamiwa na watu zaidi ya 50 wakauawa, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Wiki chache baadaye ikawa zamu ya Chamwanamuma. Kisha Kilelengwani, ambako mnamo Septemba 10 watu 38 waliuawa, tisa miongoni mwao wakiwa maafisa wa polisi. Rais wa wakati huo, Mwai Kibaki, aliweka amri ya kutotoka nje usiku, na maafisa wa usalama wapatao 2,000 wakapelekwa kutuliza hali na kupokonya watu silaha.

Siku 102 baada ya Kilelengwani, Desemba 21, kijiji cha Kipao kikavamiwa alfajiri. Polisi walieleza kwamba wavamizi walikuwa na bunduki za AK-47 pamoja na mikuki. Watu wasiopungua 39 walipoteza maisha.

Ni haki kukumbuka kwamba kule Riketa wengi waliuawa kwa mapanga, mikuki na moto. Hakuna ofisi inayoweza kusajili mapanga ya mkulima, na anayedhani kuwa bunduki ndizo chanzo cha uhasama wa Tana hajawahi kusikiliza baraza hata moja la wakazi wake. Chanzo ni ardhi, maji na siasa. Hata mapigano ya 2001, yaliyoua watu zaidi ya 100, yalitanguliwa na mvutano kuhusu mpango wa kupima ardhi na kugawa hati za kuimiliki. Bunduki inafanya kazi nyingine: inapunguza idadi ya watu wanaohitajika ili kijiji kiangamie, na inamnyima jirani nafasi ya kukimbia.

Hizo bunduki zilitoka wapi? Sehemu ya jibu inajulikana na kila mkazi mwenye umri wa kutosha. Vita vya mashifta vya miaka ya 1960 vilipitia huku. Majangili waliowinda ndovu katika miaka ya 1970 na 1980 walipitia huku. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, maghala ya silaha ya Somalia yalifunguka, na mpaka hauko mbali.

Sehemu nyingine ya jibu husemwa kwa sauti ya chini. Si kila risasi inayofyatuliwa na mvamizi imevuka mpaka.

Mwaka 2008 shirika la utafiti la Small Arms Survey lenye makao yake nchini Uswisi lilichapisha uchunguzi kuhusu risasi zilizokuwa mikononi mwa wafugaji wa Turkana Kaskazini. Watafiti walisoma maandishi madogo yaliyogongwa kwenye kitako cha kila ganda, ambayo huonyesha kiwanda na mwaka. Karibu nusu ya risasi zilizokuwa zikizunguka huko kinyume cha sheria zilibainika kuwa zimetoka kwa vyombo vya serikali ya Kenya yenyewe, nyingi zikiwa na alama ya kiwanda cha Eldoret. Polisi walikuwa wakiwapa wafugaji risasi ili wajilinde dhidi ya majirani wa ng'ambo ya mpaka, kisha hakuna aliyefuatilia zilikoishia.

Turkana si Tana, na matokeo ya huko hayawezi kubandikwa Garsen kama kiraka. Lakini mfumo uliowapa wafugaji wa kaskazini risasi hizo ndio uliotumika katika maeneo mengi yasiyo na polisi wa kutosha: polisi wa akiba.

Kikosi hicho kilianzishwa mwaka 1948, wakati wa ukoloni, na Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 imekiendeleza. Ni raia wanaojitolea kulinda maeneo yao, na kwa miaka mingi walifanya hivyo bila mshahara. Serikali iliwapa bunduki, nyingi zikiwa kuukuu za aina ya Mark 4 na nyingine za G3, pamoja na risasi za kuhesabika. Bunduki inabaki mali ya serikali, lakini inalala nyumbani kwa mlinzi, chini ya kitanda chake.

Mpango huu una mantiki pale ambapo kituo cha polisi kiko mwendo wa nusu siku. Wezi wa mifugo hawangoji gari litoke Garsen likiwa limekwama kwenye tope. Kasoro yake ni kwamba katika delta kijiji mara nyingi ni cha jamii moja. Bunduki iliyokabidhiwa kijiji machoni pa jirani ni bunduki iliyokabidhiwa kabila. Afisa aweza kuapa kwamba ametoa silaha kwa usawa, lakini pasipo hesabu ambayo pande zote zimeiona, kiapo chake hakina uzito kuliko uvumi wa sokoni.

Hapa ndipo daftari linapokuwa jambo la uhai. Kituo cha polisi huwa na daftari la silaha, ambalo mkuu wake hutakiwa kulilinda kama alindavyo ghala lenyewe. Likijazwa vizuri huonyesha aina ya bunduki, nambari yake, jina la aliyekabidhiwa, siku na saa, idadi ya risasi alizopewa, na sahihi yake. Akirudi, yanaandikwa yaliyorudi. Zikipungua risasi, pana sehemu ya kueleza zimefyatuliwa wapi na kwa sababu gani, na maelezo hayo yapaswa kulingana na yaliyoandikwa siku hiyo katika kitabu cha matukio.

Risasi ndiyo inayosahaulika zaidi. Bunduki ni chuma na ikitunzwa hudumu nusu karne. Inaweza kufukiwa, kusafishwa na kurithiwa. Risasi huisha. Bunduki isiyo na risasi ni rungu zito, na kwa sababu hiyo anayehesabu bunduki bila kuhesabu risasi amehesabu vibuyu akasahau maji. Polisi wa akiba aliyepewa risasi 20 mwezi wa kwanza na nyingine 20 mwezi wa tano, bila mtu kuuliza zile za kwanza zilikwenda wapi, si lazima awe mhalifu. Yawezekana alimpa shemeji yake, au aliziuza alipokosa karo ya mwanawe. Analinda kijiji bila malipo na soko liko karibu.

Mwaka 2019 serikali iliagiza polisi wa akiba warudishe bunduki ili wapigwe msasa na kupewa mafunzo upya. Malalamiko yaliyofuata katika maeneo ya wafugaji yalikuwa mazito: waliorudisha walisema wameachwa wazi mbele ya maadui wenye silaha haramu, ambao hawakuwa na chochote cha kurudisha kwa kuwa majina yao hayakuwa katika daftari lolote. Kinaya ni kwamba mtu aliyekuwa ameandikwa ndiye aliyeadhibiwa kwanza.

Jambo hilo lilikwisha kutokea Uganda, na kwa gharama kubwa zaidi. Kampeni ya kuwapokonya silaha Wakaramoja iliyoanza mwishoni mwa 2001 haikukusanya bunduki kwa kiwango kimoja. Wabokora, waliosalimisha nyingi, walijikuta wakivamiwa na majirani zao Wajie waliobaki na zao. Waliopoteza ng'ombe walitafuta bunduki nyingine. Ilipofika 2006 jeshi lilirudi kwa nguvu na kuzingira vijiji alfajiri, na mashirika ya kutetea haki za binadamu yakarekodi vifo na mateso. Kosa la mwanzo lilikuwa la hesabu: ni nani ametoa ngapi, na ni nani amebaki na ngapi.

Kwa mkulima wa Chamwanamuma na mfugaji wa Kipao, hilo ndilo swali hasa. Mtu hasalimishi bunduki kwa kuipenda serikali. Huisalimisha akiwa na sababu ya kuamini kwamba jirani yake naye ameisalimisha. Imani hiyo haiji kwa hotuba ya waziri aliyeshuka kwa helikopta.

Zipo bunduki nyingine ambazo hazitajwi kabisa panapozungumzwa Tana River, nazo ni za raia walio na leseni: wafanyabiashara, wenye ranchi, wanasiasa, na watu wengine waliomshawishi mwenye mamlaka kwamba maisha yao yamo hatarini. Ni chache. Ripoti ya Small Arms Survey ya 2018 ilikadiria kwamba raia wa Kenya walikuwa na bunduki 750,000, na zilizosajiliwa kati ya hizo zilikuwa takriban 8,000. Maana yake ni kwamba katika kila bunduki 100, moja tu ndiyo iliyokuwa na karatasi.

Hata hiyo moja ina mashaka yake. Sheria ya Bunduki, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, haikusahau uandishi. Hati ya kumiliki bunduki hutaja aina ya silaha, nambari yake, na idadi ya risasi ambazo mwenyewe anaruhusiwa kununua na kuwa nazo kwa wakati mmoja. Hati hiyo hupewa mtu, haipewi nyumba wala ukoo. Muuzaji wa silaha naye hulazimika kuwa na daftari la kila kinachoingia na kutoka dukani mwake. Kwa upande wa adhabu, anayepatikana na bunduki ya kivita bila idhini anakabiliwa na kifungo cha miaka isiyopungua saba.

Pamoja na hayo, mnamo Desemba 2018 aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Fred Matiang'i, aliwaagiza raia wote wenye leseni wajitokeze katika siku 90 wakaguliwe upya, wao na silaha zao. Hati bandia zilikuwa zimezagaa. Serikali iliyokuwa imetoa leseni kwa miongo kadhaa ililazimika kuwauliza wenye bunduki wazilete ili ijue ni zipi. Baada ya ukaguzi huo, kumbukumbu za kielektroniki na hati mpya zikaanza kuchukua nafasi ya makaratasi. Tanzania ilikuwa imeendesha uhakiki wa namna hiyo mwaka 2016, wamiliki wakitakiwa kufika vituoni na silaha pamoja na vibali vyao.

Uhakiki wa aina hii hufichua jambo ambalo wengi wenye leseni hawalipendi: wao wenyewe hawana kumbukumbu. Mwenye bastola moja aweza kujitetea kwamba nambari yake anaikumbuka. Lakini mwenye bastola, bunduki ya rasasi aliyoachiwa na mzazi akaiombea hati, na nyingine ya kulindia ranchi, akiulizwa ghafla ni ipi iliyopelekwa kwa fundi mwaka juzi na risasi ngapi zilibaki, huanza kukuna kichwa.

Mmiliki makini huwa na kitabu chake, mbali na hati ya serikali. Kila bunduki ina ukurasa wake: jina la kiwanda, aina, kipenyo cha mtutu, nambari iliyochorwa kwenye chuma, siku iliyonunuliwa, aliyeiuza, na nambari ya hati. Chini yake huandikwa risasi zilizonunuliwa, zilizotumika uwanjani kwa mazoezi, na zilizosalia, na hesabu hiyo hulinganishwa na sanduku lenyewe walau mara moja kwa mwezi. Hupiga picha ya kila silaha, ikiwemo ile sehemu yenye nambari. Nakala ya kitabu haikai ndani ya kabati la chuma lenye bunduki, kwa sababu mwizi akibeba kabati atabeba na ushahidi.

Umuhimu wa kitabu hicho huonekana siku ya msiba. Chukulia mtu aliyeibiwa usiku, akafika kituoni akitetemeka, akaeleza kwamba ameibiwa "bunduki moja, nyeusi, ya kizamani kidogo." Afisa wa zamu ataandika hayo hayo. Miezi minane baadaye bunduki nyeusi, ya kizamani kidogo, inapatikana kwa mvamizi aliyeuawa ng'ambo ya mto. Hakuna anayeweza kusema kama ni ile. Njia iliyopita kutoka sebuleni hadi vitani imefutika, na pamoja nayo majina ya wote waliopokezana.

Kifo nacho huacha bunduki yatima. Marehemu huacha shamba, mifugo na madeni, na warithi hugawana. Akiacha bunduki, hati yake imekufa naye. Mjane anayeikuta sandukuni hana ruhusa ya kuwa nayo hata siku moja zaidi ya muda wa kuipeleka kwa polisi, na mtoto wa kiume anayedhani kwamba amerithi heshima ya baba amerithi kesi. Familia yenye kitabu hujua cha kufanya wiki hiyo hiyo. Isiyo nacho huifunga bunduki kwenye gunia na kusubiri ushauri wa mjomba.

Dunia ina mfano mmoja unaofaa kutazamwa. New Zealand, nchi yenye utulivu, kwa muda mrefu ilitoa leseni kwa mtu lakini haikuandika kila bunduki aliyonayo. Machi 15, 2019 mtu mmoja aliwaua waumini 51 katika misikiti miwili ya mji wa Christchurch. Serikali ilipopiga marufuku bunduki za aina aliyotumia na kuzinunua kutoka kwa raia, ilikusanya zaidi ya 56,000. Zilikuwa nyingi au chache? Hakuna aliyeweza kusema kwa yakini, maana idadi ya zote haikuwahi kuandikwa. Sajili ya kila bunduki ilifunguliwa huko mwaka 2023.

Kenya hukusanya na huteketeza pia. Novemba 2016 bunduki 5,250 zilichomwa katika bustani ya Uhuru Gardens jijini Nairobi. Juni 2021 nyingine 5,144 zikateketezwa. Ni picha nzuri kwa magazeti, na moshi wake ni wa kweli. Lakini ukijumlisha zote unapata 10,394 mbele ya makadirio ya 750,000, na kwa mkazi wa Garsen jumla hiyo haisemi lolote: ngapi zilitoka upande huu wa mto, ngapi upande ule?

Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo ndogo, iliyotiwa sahihi Aprili 2004 na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, ilizitaka serikali zitie alama bunduki zao na kuweka kumbukumbu za kudumu. Kituo cha kikanda kinachosimamia kazi hiyo, RECSA, kiko Nairobi kwenyewe, na mashine za kuchora alama zimegawiwa nchi wanachama. Alama kwenye chuma bila ukurasa wa kuisoma ni urembo.

Wanaopinga uandishi wana hoja, na si ya kubeza. Ya kwanza ni usalama wa orodha yenyewe. Daftari linalotaja nani ana bunduki gani na anaishi wapi likivuja, limekuwa ramani ya mwizi. Kituo cha polisi nacho si ngome. Julai 5, 2014 watu wenye silaha walishambulia kituo cha polisi cha Gamba, kwenye barabara ya Garsen kwenda Lamu, usiku ule ule waliovamia Hindi. Novemba 2012 kule Suguta karibu na Baragoi, zaidi ya maafisa 40 waliuawa na silaha zao kuchukuliwa. Daftari lililopo mahali pamoja tu huangamia au kutekwa pamoja na mahali hapo. Nakala katika makao makuu ya kaunti Hola na nyingine Nairobi si anasa.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Mtu anayesalimisha bunduki haramu huogopa kuandikwa. Leo anaitwa mzalendo, kesho jina lake liko mbele ya hakimu, na keshokutwa kila mauaji yaliyotokea kijiji cha pili yanahusishwa naye. Wakazi wa delta hawajasahau msako wa 2012, wala malalamiko ya kupigwa yaliyoandamana nao. Kumwambia mtu kama huyo aje na kitambulisho ni kumwambia abaki na bunduki yake.

Kosa ni kuchanganya madaftari matatu kana kwamba ni moja. Kwa mwenye leseni, andika mtu na bunduki, kwa sababu yeye ndiye aliyeomba kuaminiwa. Kwa polisi wa akiba, andika mtu, bunduki na kila risasi, kwa sababu ni mali ya umma mikononi mwake. Kwa anayesalimisha wakati wa msamaha, andika bunduki pekee. Nambari yake, aina yake, alama zilizopo, mahali ilipopokewa, na siku. Ikiwa nambari imekwanguliwa, kama inavyotokea mara nyingi, ipewe nambari mpya papo hapo ichorwe kwenye chuma. Aliyeileta apewe stakabadhi yenye nambari hiyo bila jina lake, aende nyumbani.

Maafisa wa upelelezi hawataufurahia utaratibu huo, kwani unamwachilia mtu ambaye pengine aliua. Ni kweli. Serikali itabidi iamue kama msamaha ni wa kukusanya chuma au ni mtego wa kukamata watu, maana haiwezi kufanya yote mawili kwa tangazo moja na kutarajia watu wajitokeze mara ya pili.

Kazi yenyewe haihitaji fedha nyingi. Inahitaji daftari lenye kurasa zilizopigwa nambari, simu yenye kamera, na meza chini ya mti. Inahitaji zaidi ya yote macho ya pande mbili: wazee wa Gasa wa Wapokomo na wazee wa Waorma wakiwa wameketi meza moja wakati bunduki zinahesabiwa, na jumla ya kila tarafa ikitangazwa barazani siku hiyo hiyo, bila majina. Mzee aliyeona bunduki 14 zikitoka upande wa jirani atakuwa na la kuwaambia vijana wake usiku. Aliyeambiwa na redio kwamba "silaha kadhaa zimesalimishwa" hana.

Mapigano ya Riketa yalizuka miezi sita na nusu kabla ya uchaguzi wa Machi 4, 2013. Uchaguzi mkuu unaofuata umepangwa kufanyika Agosti 2027. Miezi sita na nusu kabla yake ni Januari, katikati ya kiangazi, wakati ng'ombe wanashuka kwenye malka.